Nilirudi Birere Kusema Aksanti



Labda unasoma gazeti hili ukiwa umekaa juu ya gunia la mawe, ukingojea gari. Labda uko nyumbani na watoto, na baba yao yuko shimoni. Leo ninakuomba tusafiri pamoja mpaka Birere, mtaa mmoja wa mji wa Goma. Mimi sikwenda kule kuhubiri. Nilikwenda kulipa deni la miaka 15, na deni lenyewe halikuwa la pesa.

Mtaa wa mawe meusi

Ukitoka katikati ya Goma kuelekea mpaka wa Rwanda, pale panapoitwa Petite Barrière, utajua umeingia Birere hata kama hakuna kibao. Njia zinakuwa nyembamba. Nyumba za mbao zinasongamana, na chini ya miguu ni mawe ya volkano yanayokula soli ya kiatu. Nilipofika mwaka 2024 niliwakuta wabadilishaji wa pesa wamekaa na vifurushi vya franga juu ya meza ndogo, wamama wanauza sambaza na maharagwe na vikwembe, vijana wanasukuma chukudu zilizojaa magunia, na kila mtu anapaza sauti kwa sababu jirani yake pia anapaza sauti. Wenye kusema Kinyarwanda wanasikia katika jina la Birere majani makavu ya migomba. Leo migomba hakuna. Kuna watu tu.

Tarehe 17/1/2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto ulishuka mpaka mjini, ukapita juu ya uwanja wa ndege, ukamaliza maduka na nyumba, ukaingia ziwani. Kanisa kuu la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu, liliteketea. Sehemu za Birere pia zilifunikwa. Makumi ya maelfu ya watu walibaki bila nyumba. Hata hivyo, baada ya siku chache tu wengi walikuwa wamerudi, mawe yangali na joto, wakaanza kupigilia mbao. Watu wa namna hiyo wanajua maana ya kupokea mtu aliyefika mikono mitupu. Mimi ni shahidi.

Ndege ya mawe

Mwanzoni mwa mwaka 2009 nilikuwa mchungaji kijana, nimetoka shule ya Biblia si zamani, na nilitumika Mubi, katika Walikale. Wasomaji wa kule wanakumbuka siku zile. Mawe ya kasiterite yalitoka Bisie juu ya migongo ya watu, kupitia porini, mpaka Njingala. Halafu pale Kilambo ndege ndogo zilikuwa zinashuka barabarani, kwa kuwa hapakuwa na uwanja. Magari yanasimamishwa, ndege inatua juu ya lami, inapakia magunia, inaruka kwenda Goma.

Ndege kama hiyo ndiyo iliyombeba mke wangu. Alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Mtoto alitoka mzima, msichana, lakini kidonda cha mama kilianza kuoza, na homa ikakataa kushuka. Munganga aliniambia waziwazi: "Pasta, hapa tumefika mwisho. Umupeleke Goma." Mnunuzi mmoja wa mawe alituhurumia, akapunguza magunia mawili ili tupate nafasi. Mke wangu alilala katikati ya magunia, na mimi nilimpakata mtoto wa siku 9.

Goma alipasuliwa tena, akasafishwa. Baada ya wiki mbili walituambia vitanda havitoshi, tulale nje na kurudi kila asubuhi kufungwa kidonda. Tulipata chumba Birere, ku nyumba ya mbao ya mjane mmoja mzee. Tulimwita Tate, kama wajukuu wake walivyomwita. Rozari ilikuwa inaning'inia ku msumari juu ya kitanda tulichopewa. Niliiona, nikanyamaza. Nilikuwa nimebaki na dola 12.

Waamini wa kanisa letu waliokuwa Goma walikuja kuomba na sisi mara mbili. Siwalaumu. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita vya Rutshuru na Masisi, na kila mlango ulikuwa na wageni wake.

Wamama wa shirika

Siku ya tatu Tate alimuona mke wangu ameshindwa kusimama. Hakuuliza tunasali wapi. Jioni waliingia wamama wanne na mzee mmoja. Walisalimia: "Tumsifu Yesu Kristu!" Mimi nilijibu "Amina" tu, kwa kuwa jibu lao sikulizoea. Walicheka kidogo, wakakaa.

Ndugu msomaji Mprotestanti, labda hujui shirika ni nini. Ni kikundi cha majirani Wakatoliki wanaokutana kila wiki kusoma Neno, kuomba na kusaidiana. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo tangu mwaka 1961, kusudi Kanisa lisikae parokiani peke yake, liingie mpaka katika nyumba. Kabla ya siku ile mimi nilifikiri shirika ni jina tu.

Wale wamama waligawana siku. Mmoja alileta uji asubuhi. Mwingine alichota maji, bidon mbili, na Goma maji si kitu kidogo. Wa tatu alifua vitambaa vya kidonda bila kufunika pua, na harufu ilikuwa kali. Tate alimweka mtoto mgongoni mwake. Siku ya mkutano walipitisha sahani, wakanunua dawa na maziwa ya kopo. Nilijaribu kuandika katika kikaratasi kila kitu walichotoa, kusudi nitakuja kurudisha. Mzee wa shirika aliniambia: "Pasta, acha kuandika. Ukiandika utashindwa kulala."

Tarehe 11 mwezi wa 2 waliwapeleka wagonjwa wao parokiani. Wakatoliki wanaifanya siku hiyo, sikukuu ya Bibi wa Lourdes, kuwa siku ya wagonjwa ya ulimwengu mzima. Papa Yohane Paulo II aliianzisha mwaka 1992, na mara ya kwanza ilifanyika 1993. Mke wangu alitaka kwenda. Mimi sikutaka. Akaniambia: "Weye ubaki na mtoto. Miye nitaenda." Basi tukaenda wote.

Pale nilijifunza jambo ambalo shuleni kwetu hawakunifundisha. Zamani mafuta ya wagonjwa yalikuwa ya mtu anayekata roho. Watu walimwogopa padri akifika nayo, wakijua ni kaburi. Baada ya Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1972, Papa Paulo VI alitengeneza upya desturi hiyo, na sasa anapakwa kila mtu mwenye ugonjwa mzito, hata kama anatumaini kupona. Msingi wao ni Yakobo 5:14, mstari uleule ninaoutumia mimi nikiombea wagonjwa. Padri alipaka paji la uso na mikono ya waamini wake. Alipofika kwa mke wangu, hakumpaka. Alijua sisi ni nani. Alisimama, akamwombea kwa maneno machache, akamwambia mimi nisikie: "Mama, Mungu wenu na wetu ni mmoja."

Kuhusu Maria hatukupatana na Tate, na mpaka leo mimi nimebaki na yale niliyofundishwa. Lakini siwezi kuficha kwamba homa ya mke wangu ilishuka katika nyumba ile. Munganga alifanya kazi yake, dawa zikafanya yake, na uji na maji safi vikafanya yake. Mungu alivitumia vyote. Baada ya wiki 7 tulirudi Mubi.

Ushuhuda uliokatwa

Sasa ninafika mahali pagumu.

Jumapili ya kwanza nyumbani kanisa lilijaa. Nilisimama kutoa ushuhuda. Nilisimulia ndege, nilisimulia kidonda, nilisimulia maombi ya kanisa letu. Kisha nikasema: "Bwana amemponya!" Watu wakapiga makofi. Juu ya Birere sikusema hata neno moja. Niliogopa. Kule Mubi tulikuwa tunabishana na Wakatoliki kila siku, na niliona watu watasema, "Pasta wetu amelishwa na shirika, mke wake amepelekwa misa." Mke wangu alikuwa amekaa mbele. Aliangalia chini.

Unaona, msomaji, sikusema uongo. Kila neno lilikuwa la kweli. Lakini niliukata ushuhuda kama mtu anayekata picha ili aondoe uso mmoja.

Miaka ikapita. Mwaka 2024 kijana mmoja mchimbaji alivunjika mguu, udongo ulipomwangukia shimoni. Kanisa lilimtunza miezi 4. Nilimchangia, nilimsukuma mpaka ku hospitali, nilimfundisha kutembea na fimbo. Alipopona alihamia machimbo mengine bila kuniaga. Niliumia sana. Nilihubiri Luka 17, wale wakoma 10, mmoja tu akarudi. Nyumbani nikaendelea kulalamika, wiki nzima. Siku moja mke wangu aliweka sahani chini akasema: "Baba, na siye? Tulishawahi kurudi Birere?"

Sikujibu. Niliona kwamba nilikuwa nimehubiri nikiwa katika wale 9.

Njia ya kurudi

Mwezi wa 11 nilianza safari. Barabara ya Goma kupitia Masisi na Sake ilikuwa imefungwa na vita, basi nilizunguka: Walikale, Itebero, Hombo, Bunyakiri, halafu msitu wa Kahuzi-Biega mpaka Bukavu. Pikipiki, matope, tena pikipiki. Mke wangu alibaki na watoto. Alinipa kitenge kipya: "Hiki ni cha Tate. Umupe mukononi mwake." Mimi nilibeba bidon ya lita 20 ya mafuta ya mawese, maana mafuta ya misitu yetu yanapendwa sana Goma. Mwenye pikipiki alinung'unika njia yote.

Kutoka Bukavu nilipanda boti. Watu waliomba sana usiku ule. Mwezi uliotangulia, tarehe 3/10/2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilikuwa imezama karibu na Goma, watu wakikaribia kufika, na wengi wakafa. Hakuna aliyelala.

Birere nilipotea mara mbili, kwa maana nyumba zimeongezeka. Mwishoni nilijua mlango kwa jiwe kubwa jeusi ambalo tulikuwa tunaanikia vitambaa. Akatoka mwanamke kijana. Nilimweleza mimi ni nani. Aliniangalia sana, halafu akasema: "Pasta wa Walikale? Tate alishafariki, iko miaka tatu. Alikuwa anawakumbuka. Alikuwa anauliza: ule mutoto eko?"

Nilikaa juu ya lile jiwe. Nilikuwa na neno moja la kumwambia yule mzee, na neno lenyewe ni fupi. Miaka 12 alikuwa hai na mimi nilikuwa nalo mdomoni.

Nilimpa yule mjukuu kitenge. Alikikataa: "Hapana, Pasta. Siyo hapa mu mulango. Utakileta mu shirika, mbele ya watu."

Siku ya mkutano nilikwenda. Walikuwa watu kama 20, na katika wale wamama 4 nilimkuta mmoja tu, sasa na mvi. Walisema "Tumsifu Yesu Kristu!" na safari hii nilijibu sawasawa: "Milele na milele, amina." Nilisimama nikasimulia yote. Nilisema pia jambo ambalo hawakulijua, kwamba kwetu nilitoa ushuhuda na nikawaficha. Kimya kiliingia. Yule mama wa mvi ndiye aliyejibu: "Pasta, sisi hatukufanya juu ya kusemwa. Lakini ni muzuri umerudi. Tate angefurahi." Hakusema kwamba si kitu. Nilimshukuru hata kwa hilo.

Kisha akanionyesha daftari la shirika. Ndani kuna majina ya wagonjwa na majina ya wanaowatembelea. Desturi yao ni hii: mtu akipona, jina lake linahama kutoka upande wa kwanza kwenda upande wa pili. Aliyeletewa uji jana, kesho anapeleka uji. "Hiyo ndiyo aksanti yetu," alisema. Mafuta yangu waliyapima palepale kwa chupa, wakayagawia nyumba zenye wagonjwa. Kitenge walimpa msichana aliyekuwa anamwosha mama yake aliyepooza.

Jumapili nilikaa nyuma katika misa. Sikukaribia meza yao, wala hawakunilazimisha. Misa ya Kongo, ile ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, ina ngoma na kucheza, na wakati wa matoleo watu walipanda wakicheza na ndizi, maharagwe, kuku mmoja aliyepiga kelele. Mmoja alikuwa amepona, mwingine binti yake amezaa salama. Nikakumbuka masomo yangu ya Kigiriki, hata kama ni madogo. Neno ekaristia, jina lao la meza ya Bwana, maana yake ni kushukuru. Na neno hilohilo ndilo Luka alilolitumia kwa yule mkoma aliyerudi. Yule alikuwa Msamaria, mtu wa dini iliyobishana na Wayahudi.

Mikono isiyoonekana

Nilirudi Walikale. Mwisho wa mwezi wa 1, 2025, vita viliingia Goma. Hospitali zilijaa majeruhi. Siku nyingi simu haikupita. Halafu ujumbe ukafika kutoka kwa mzee wa shirika: "Tuko. Wagonjwa ni wengi. Mafuta ilishaisha. Mutuombee." Nilicheka na kulia pamoja. Kama ningalingoja mwaka mmoja zaidi, ningepita wapi?

Tarehe 15/6/2025, mji ungali na majeraha, Wakatoliki wa Goma walipata shukrani ingine. Kule Roma kijana wao Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenye Heri. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akawa mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akawapenda watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa ya serikali, kuchunguza bidhaa zinazopita mpakani. Walimpa rushwa ili aruhusu chakula kilichooza kiingie sokoni. Alikataa. Mwezi wa 7, 2007, walimteka na kumuua, akiwa na miaka 26.

Sisi Waprotestanti hatutangazi Wenye Heri. Lakini fikiri, msomaji. Kuna ugonjwa unaotibiwa ku hospitali, na kuna ugonjwa uliokatazwa mpakani usifike. Ni wamama wangapi wa Goma waliopika chakula kizuri jioni ile, watoto wakashiba wakalala, na hakuna aliyejua kwamba kuna mtu wa kumshukuru?

Wewe je?

Wewe mchimbaji, wewe mama wa kambini, nakuuliza kwa upendo. Nani alikuchota ulipoanguka? Nani alilipa dawa? Labda alikuwa wa kanisa lingine, au wa kabila ambalo mnasema vibaya juu yake nyumbani. Tunapenda kusema "Mungu amenisaidia," na ni kweli. Lakini Mungu alikuja na mikono ya mtu, na mtu huyo ana jina. Ushuhuda unaomtukuza Mungu na kuficha jina la jirani ni nusu ya ushuhuda.

Jumapili niliporudi nilisimama mbele ya kanisa langu, nikautoa ushuhuda wa mwaka 2009 mara ya pili, mzima. Wengine walinuna. Mzee mmoja alinisubiri mlangoni kunikemea. Lakini mke wangu, safari hii, hakuangalia chini.

Na yule kijana wa mguu? Bado hajarudi. Nimeacha kumlalamikia. Ninajua kwamba njia ya kurudi inaweza kuchukua miaka 15, na ninaomba asichelewe kama mimi.

Ikiwa mtu wako bado yuko hai, usingoje barabara itengenezwe. Chukua simu leo, au chukua bidon yako, uende.

Bwana awabariki.